Amana ya Watu Tusiowajua

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jambo lililoleta mabishano mengi katika mikutano ya mwaka huu, nalo ni Mfuko wa Nauli ya Wagonjwa wa Kifafa. Wako wanachama waliouliza, tena kwa haki yao, kwa nini chama kidogo kama chetu, ambacho ada zake hazitoshi hata kununua viti vya ofisi, kitenge fedha kwa ajili ya watu wasiolipa ada. Wengi wa watu hao wakaa mbali, huko Ganze, Bamba na Marafa, na huenda tusizione nyuso zao kamwe. Kwa sababu hiyo limeletwa pendekezo kwamba fedha hizo zihamishwe katika mfuko wa mazishi, ambao kila mwanachama anajua kwamba siku yake ya kuuhitaji itafika.

Hesabu zenyewe atazisoma Mweka Hazina. Sisi tumeona yafaa tuwasimulie habari za mtu mmoja aliyekaa katika baraza la wadhamini kwa miaka 24, akilinda fedha za marehemu kwa faida ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Alikuwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na matunda ya kiti chake yamefika hapa kwetu, mjini Kilifi, ndani ya uwanja wa hospitali tunayoijua sote. Jina lake ni Sir Henry Dale.

Lakini hatuwezi kumweleza Dale kabla ya kueleza mali aliyoilinda.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa maana ya wakfu. Tumezaliwa tukakuta visima, misikiti na mashamba ya minazi ambayo wenyewe walikwisha kufa zamani, na hata leo watu wanakunywa maji yake. Shamba la wakfu haliuzwi; huuzwa nazi zake, na thamani yake hutumika kama alivyoagiza marehemu. Basi Henry Wellcome alifanya vivyo hivyo, ila shamba lake lilikuwa kampuni ya dawa. Alizaliwa mwaka 1853 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Akahamia London, na mwaka 1880 yeye na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs, wakafungua biashara ya dawa iliyokuja kuwa kubwa sana. Burroughs alipofariki mwaka 1895, biashara ikabaki mikononi mwa Wellcome. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alianzisha maabara ya magonjwa ya nchi za joto mjini Khartoum, kwa hiyo jina lake lilifika Afrika mapema. Alifariki mwezi wa Julai 1936. Wasia wake uliagiza kwamba kampuni yote iwe chini ya wadhamini watano, na faida yake itumike katika utafiti wa kuwafaa wanadamu na wanyama, na katika kuhifadhi historia ya uganga. Huo ndio mwanzo wa Wakfu wa Wellcome.

Mmoja wa wale watano alikuwa Dale. Yeye na Wellcome walijuana tangu zamani. Mwaka 1904 Dale alikuwa kijana wa miaka 29 aliyesomea udaktari, akitafuta kazi ya kumwezesha kuoa. Wellcome akampa nafasi katika maabara yake. Baadhi ya rafiki zake walimwonya asiende, kwa kuwa msomi anayekula mshahara wa mfanyabiashara, walidhani, atalazimika kusema yale yatakayomfurahisha tajiri wake. Twalitaja jambo hili kwa sababu maneno kama hayo tumeyasikia hata hapa kwetu kila penye fedha za mtu. Dale alikwenda, akaoa mwaka ule ule, na baada ya miaka miwili akawa mkuu wa maabara. Wellcome alimwomba achunguze kuvu fulani iotayo katika mashuke ya nafaka za Ulaya, iitwayo ergoti, ambayo wakunga waliitumia tangu kale. Kutoka katika utafiti huo wa kuvu, ambao mtu wa nje angeuona hauna maana, zikatoka habari zilizobadili elimu ya mwili wa binadamu.

Tuieleze kazi hiyo kwa mfano ambao wazee waliopo hapa wataukumbuka. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Malindi kwenda Mombasa lilikimbia vizuri mpaka ukingoni mwa maji, hapo likasimama. Ng'ambo ya pili, Mnarani, barabara ilianza tena, lakini kati yake palikuwa na bahari. Pasipo feri hapakuwa na safari. Mishipa ya fahamu mwilini nayo ina vivuko vya namna hiyo. Habari itokayo ubongoni hukimbia katika mshipa kama umeme. Ikifika mwisho wa mshipa hukuta nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, na ng'ambo ya nafasi hiyo ndipo uanzapo msuli, au mshipa mwingine. Wataalamu wengi walifikiri kwamba umeme ule huruka tu. Mwaka 1904 kijana mmoja wa Cambridge, Thomas Elliott, rafiki wa Dale, alitoa wazo kwamba pengine mshipa hutoa tone la kemikali, na tone hilo ndilo livukalo. Mwaka 1914 Dale akaeleza jinsi kemikali iitwayo asetilikolini inavyouiga kabisa utendaji wa baadhi ya mishipa, akakisia pia kwamba mwilini mna kitu kinachoivunja upesi, ndiyo maana kazi yake huisha mara moja. Mwaka 1921 Otto Loewi, katika mji wa Graz, Austria, akachukua mioyo miwili ya vyura. Aliuamsha mshipa wa moyo wa kwanza mpaka moyo ule ukapunguza mapigo, kisha akautia maji yake katika moyo wa pili, na huo wa pili nao ukapunguza mapigo ingawa hakuna mshipa wake ulioguswa. Feri ikawa imeonekana.

Ilibaki kuthibitisha kwamba asetilikolini yenyewe imo katika mwili wa mnyama. Mwaka 1929 Dale na mwenzake Harold Dudley waliipata katika bandama za farasi na ng'ombe. Fikirini, mabibi na mabwana: mtu mwenye cheo kikubwa katika elimu ya nchi yake, akihangaika na bandama!

Liko jambo la mwaka 1933 ambalo twapenda lisipite bila kutajwa. Mwaka ule serikali ya Hitler iliwafukuza kazini wataalamu wa Kiyahudi. Mmoja wao, Wilhelm Feldberg wa Berlin, alikwenda kumwona mjumbe wa Wakfu wa Rockefeller wa Marekani aliyekuwa akipita mjini. Mjumbe yule alikumbuka kwamba alikuwa na jina lake: Sir Henry Dale alikwisha kumwagiza kwamba, iwapo atamkuta Feldberg na iwapo amefukuzwa, amwambie aje London wafanye kazi pamoja. Feldberg akaenda. Katika miaka mitatu iliyofuata yeye, Dale na wenzao wakathibitisha kwamba asetilikolini ndiyo ivukayo kutoka mshipa hadi mshipa katika vifundo vyake, na kutoka mshipa hadi msuli. Mwaka 1936 Dale na Loewi wakapewa Tuzo ya Nobel. Sisi twaona kwamba katika habari hiyo uko msaada wa namna mbili. Fedha zilitoka Marekani, lakini fedha hazimjui mtu. Alihitajika mmoja aliyejua ni nani afaaye kuokolewa, akaliandika jina lake kabla ya kuombwa.

Basi mwaka ule ule wa 1936, akiwa na umri wa miaka 61, Dale akawa mdhamini. Rafiki yake wa zamani, Elliott, yule wa wazo la tone, naye alikuwa miongoni mwa wale watano. Mwenyekiti wa kwanza, mwanasheria George Lyall, alifariki mwaka 1938, na Dale akakalia kiti chake mpaka mwaka 1960.

Msidhani kwamba walikaa juu ya sanduku la dhahabu. Wellcome katika uzee wake alikuwa ameiacha biashara ijiendeshe huku yeye akinunua vitu vya kale kutoka kila pembe ya dunia, vitu zaidi ya milioni moja, silaha, vinyago, vitabu na vyombo vya uganga, vingine vikiwa bado katika makasha yake ya safari. Wadhamini walirithi maghala, kodi kubwa ya mirathi, na kampuni iliyokuwa imechoka. Kisha vita vikaja; mwaka 1941 makao makuu ya kampuni katikati ya London yakabomolewa kwa mabomu. Kwa miaka mingi, kwa hiyo, fedha za kugawa zilikuwa chache, na kazi kubwa ya wadhamini ilikuwa kulitengeneza shamba lipate kuzaa tena. Mtu aliyezoea sifa za maabara angechoshwa na vikao vya namna hiyo. Tena Dale hakukosa kazi nyingine: tangu 1940 hadi 1945 alikuwa Rais wa Royal Society, jumuiya ya wataalamu wa sayansi iliyo kongwe na yenye heshima kuliko zote Uingereza. Hata hivyo hakukiacha kile kiti cha wakfu uliokuwa hauna kitu.

Na hicho kidogo kilichopatikana kilikwenda wapi? Moja katika misaada ya kwanza kabisa ilipelekwa Thessaloniki, Ugiriki, ambako Henry Foy na Athena Kondi walikuwa wakichunguza malaria. Vita viliwafukuza huko. Wakaishia Nairobi, na katika miaka ya 1950 walikuwa wakifanya utafiti wa upungufu wa damu kwa msaada wa wakfu huo huo. Kwa hiyo wanachama wanaodhani kwamba Wellcome aliijua Kenya juzi tu, wajue kwamba njia hiyo ilikwisha kukanyagwa wakati Dale yungali mwenyekiti.

Jambo jingine la Dale tungependa wajumbe wetu walitafakari hasa. Kwa miaka mingi alipingwa na John Eccles wa Australia, aliyeshikilia kwamba katika ubongo na uti wa mgongo hakuna feri yo yote, ni umeme mtupu. Walibishana hadharani kwa maneno makali, lakini waliandikiana barua na wakabaki rafiki. Mwaka 1951 majaribio ya Eccles mwenyewe yalimwonyesha kwamba Dale alikuwa upande wa kweli, naye akakiri, na mwaka 1954 yeye na wenzake wakaonyesha asetilikolini ikifanya kazi ndani ya uti wa mgongo. Kwa njia hiyo kazi iliyoanzia katika mishipa ya mwili ikafikishwa kwenye mlango wa ubongo, na aliyeifikisha ni yule aliyeipinga. Katika halmashauri yetu tumewahi kuona watu wakiacha kuamkiana kwa ajili ya bei ya mabati.

Dale aliondoka katika kiti akiwa na umri wa miaka 85. Alifariki mwezi wa Julai 1968. Hakuuona utajiri wa wakfu wake, kwa sababu utajiri wenyewe ulikuja baadaye, hasa tangu mwaka 1986 wadhamini walipoanza kuuza sehemu ya hisa za kampuni, na mwaka 1995 walipoiuzia kampuni ya Glaxo hisa walizobaki nazo. Hapo shamba likawa limeuzwa, naam, kinyume cha desturi yetu ya wakfu, lakini thamani yake iliwekwa mahali pengine izae, na leo wakfu huo ni mmoja wa walio wakubwa kabisa duniani katika kusaidia utafiti wa afya.

Sasa turudi kwetu.

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na Wakfu wa Wellcome, walianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya Kilifi. Ilikuwa hospitali ya wilaya kama nyingine. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa Dakta Kevin Marsh, Dakta Norbert Peshu, na daktari wa watoto aitwaye Charles Newton, ambaye shauku yake hasa ilikuwa ubongo wa mtoto.

Wazazi waliopo hapa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Nani kati yetu hakulelewa akisikia habari za degedege? Mtoto analala na homa, usiku anakakamaa, macho yanageuka, mikono inarukaruka, na wakubwa wanasema ni dege, ni nyuni, ndege wa shetani amepita juu ya nyumba. Wengine walikataza mtoto asipigwe sindano saa ile, kwamba atakufa. Kumbe katika watoto wengi ilikuwa malaria iliyopanda ubongoni. Mwaka 1991 Newton na wenzake walieleza kwamba watoto wa namna hiyo waliolazwa Kilifi walikuwa na msukumo mkubwa ndani ya fuvu, na kwamba huenda hilo ni moja katika yanayowaua. Mwaka 1995 Marsh na wenzake wakatangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,844 wa hapa Kilifi: dalili mbili ambazo muuguzi aweza kuzitambua bila mtambo wo wote, yaani kupotewa na fahamu na kupumua kwa shida, ndizo zinazoonyesha mtoto aliye katika hatari ya kufa. Elimu hiyo ilitoka vitandani petu ikaenda kusomwa dunia nzima. Katika miaka hiyo hiyo vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa katika vijiji vya Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa theluthi moja.

Wengi walipona malaria, wazazi wakamshukuru Mungu, na habari ikaishia hapo. Kilifi haikuacha iishie hapo. Watoto waliokuwa wamepona walifuatwa majumbani miaka kadhaa baadaye, na katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 ilionekana kwamba kati ya kila watoto 100 waliowahi kuugua malaria ya ubongo, karibu 9 walikuwa na kifafa. Kati ya wasiowahi kulazwa kwa malaria kali, ni 2 tu. Wengine walibaki na upungufu katika kusema, kukumbuka au kutenda. Mwalimu aliyemwita mtoto mzito wa kichwa hakujua kwamba kichwa hicho kilipita vitani. Hata kumpima mtoto kulikuwa na shida, maana vipimo vilivyoletwa kutoka ng'ambo vilimwuliza mtoto wa Chonyi habari za vitu ambavyo hajapata kuviona. Dakta Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa mtoto kwa kutumia vitu na desturi za hapa hapa, nacho, tangu kilipotangazwa mwaka 2008, kinajulikana kwa jina la Kilifi.

Haya yote yalihitaji damu, na hapo ndipo penye ugumu. Hatutaficha kwamba katika vijiji vingi watu waliuliza damu inapelekwa wapi, na jina la mumiani likatajwa tena, kama lilivyotajwa na babu zetu. Sisi hatuwacheki waliouliza. Mtu anayetolewa kitu mwilini ana haki ya kuuliza, na mgeni mwenye gari hana haki ya kudhani kwamba kunyamaza ni kukubali. Jibu lililofaa halikuwa karipio. Kituo kiliweka utaratibu wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaokaa na watafiti, wakauliza maswali magumu na kurudi na majibu barazani. Basi wakfu wa marehemu wa Wisconsin unasimama juu ya miguu miwili. Mmoja ni fedha za London. Wa pili ni mama wa Kauma au wa Ugiriama aliyekubali baada ya kuelezwa akaelewa. Mama huyo hatajwi katika vitabu vya wadhamini, lakini kwa maoni yetu yeye pia ni mfadhili, maana alitoa kwa ajili ya watoto wasiokuwa wake.

Sasa tufike kwenye kifafa chenyewe, ambacho ndicho kilicholeta mabishano yetu.

Wenye kifafa cha kuanguka katika eneo linalochunguzwa la Kilifi walikadiriwa kuwa karibu watu 8 katika kila 1,000. Uchunguzi huo ulifanywa kwa pamoja katika nchi tano, Kenya, Uganda, Tanzania, Ghana na Afrika Kusini, na ukatangazwa mwaka 2013. Ulionyesha kwamba shida wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na minyoo na vijidudu fulani vinavyoingia mwilini vinahusika. Tafadhalini liangalieni neno hilo: majeraha, uzazi, vijidudu. Hamna laana katika orodha hiyo, wala hamna jambo la kumfanya mtu atengewe bakuli lake. Ugonjwa huu hauambukizi kwa povu wala kwa kushika mkono. Ni habari nyingi mno zinazotumwa ubongoni kwa mara moja, kama magari yote yakikimbilia kivuko kwa pamoja. Na dawa ya fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo bei yake ni ndogo, huzidisha nguvu ya ile kemikali ya ubongo yenye kazi ya kutuliza.

Dawa ipo, basi. Hata hivyo mwaka 2012 Dakta Caroline Mbuba na wenzake walitangaza kwamba kati ya wagonjwa wa kifafa 100 katika eneo la Kilifi, kama 62 hawakuwa wakipata matibabu. Walipima dawa katika damu, hawakutegemea maneno ya mtu. Walipotafuta sababu walikuta imani na woga, walikuta gharama, na walikuta pia umbali: wakaao zaidi ya kilomita 30 kutoka penye matibabu walikosa zaidi. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye kifafa hapa hufa kwa kiwango kinachozidi mara 6 kile cha watu wengine. Wanaanguka motoni, wanaanguka majini, au mshtuko mmoja unafuatana na mwingine bila kukoma. Na mtu anayekatiza dawa ghafula aweza kushikwa vibaya kuliko hapo mwanzo.

Hapa ndipo tunapouona Mfuko wa Nauli mahali pake. Wakfu wa London, pamoja na ukubwa wake, na KEMRI, pamoja na elimu yake, waweza kugundua kwamba umbali unaua. Kumpandisha mama wa Marafa katika matatu kila mwezi, hiyo si kazi ya maabara. Ni kazi ndogo, haina tuzo, inawahitaji watu wanaojua mama huyo anakaa kibanda gani na anashuka kituo gani. Chama chetu kinajua. Tumekwisha kumwona kijana aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka, akarudi shuleni, kisha mazao yakakosekana, nauli ikakosekana, akakaa majuma mawili bila dawa. Makovu ya moto aliyonayo mkononi ni ya juma la pili.

Wazee wanaotaka fedha ziende mazishini hatuwalaumu. Kumzika mtu kwa heshima ni deni, na sisi wenyewe ni watu wa matanga kama wao. Ila yafaa isemwe wazi kwamba mfuko wa mazishi una wenyewe wengi wa kuutetea, kwa kuwa kila mmoja wetu anajiona ndani yake. Mfuko wa Nauli hauna mtetezi katika ukumbi huu. Wenye kuufaidi hawapo hapa. Wako mbali, na baadhi yao wamefichwa nyuma ya nyumba na jamaa zao wanaoona haya. Halmashauri ikiuacha, hakuna atakayesimama kuuliza.

Halmashauri yaomba mambo matatu. Kwanza, Mfuko usichanganywe na fedha nyingine, bali uwe na daftari lake, nalo likaguliwe na mtu asiye mjumbe. Pili, nauli ilipwe kwa mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza, kwa kuwa mwenye kifafa hafai kusafiri peke yake, wala kukaa mlangoni mwa gari. Tatu, wachaguliwe wanawake wawili wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, maana mama hufungua mlango kwa mama mwenziwe upesi kuliko anavyowafungulia makarani wenye kalamu mfukoni.

Mweka Hazina sasa atasoma hesabu. Baada yake watapewa nafasi ya kusema wale walioleta pendekezo la mfuko wa mazishi, nao watasema kwanza na bila kukatizwa, kisha Bwana Mwenyekiti atawataka mpige kura.